Maji ya Kilima cha Matangi: Bwawa Jipya Uani Muyenga

Mji wa Kampala, kama ijulikanavyo, umejengwa juu ya vilima, na kila kilima kina sifa yake. Kibuli kina msikiti, Namirembe kina kanisa kuu, Mengo kina Lubiri ya Kabaka, na Nsambya kina hospitali pamoja na kambi ya polisi ambamo wengi wa wasomaji wetu wamelelea watoto wao. Muyenga, kilichoko upande wa kusini-mashariki, sifa yake ni maji. Kileleni yamejengwa matangi makubwa ya Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka, lile lililoundwa mwaka 1972, na kwa sababu hiyo wakazi wa mji wamekibandika kilima hicho jina la Tank Hill, na barabara ikipandayo kutoka Kabalagala nayo ikaitwa hivyo hivyo.

Mtu akisimama karibu na matangi hayo asubuhi, kabla ya ukungu wa joto kupanda, hulitazama Ziwa Viktoria kama aliyetandikiwa ramani. Mbele yake ni Ghuba ya Murchison; kushoto ni Luzira na Port Bell; kulia, ukingoni mwa maji, ni Ggaba. Na chini kabisa ya miguu yake, upande wa reli, ni mabati ya Namuwongo yaliyobanana, na kandokando yake hupita mfereji wa Nakivubo ukichukua maji machafu ya mji kuyapeleka katika kinamasi, na kutoka kinamasini kuingia katika ghuba hiyo hiyo.

Hapo pana jambo ambalo kila mwenye kufungua bomba katika Kampala ingefaa alijue. Maji anywayo hutoka katika ghuba ile. Mitambo ya Ggaba, ambayo wa kwanza wake ulijengwa zama za ukoloni na wa tatu ukafunguliwa mwaka 2007, huyavuta maji ziwani, huyatia shabu ili uchafu ugandane na kuzama, huyapitisha katika mchanga, kisha huyatia klorini. Baada ya hapo pampu huyasukuma kwenda juu, zaidi ya mita 100 kutoka usawa wa ziwa, hadi katika matangi ya Muyenga, nayo hushuka kwa uzito wake yenyewe kwenda majumbani. Kadiri ghuba inavyochafuka, ndivyo dawa zinavyohitajika nyingi, na ndiyo mojawapo ya sababu iliyofanya mtambo mwingine ujengwe Katosi, Wilaya ya Mukono, mbali na mdomo wa Nakivubo. Kwa hiyo tone la maji lifikalo Muyenga limekwisha safiri sana, na limegharimiwa.

Nilikwenda Muyenga kwa mwaliko wa mzee mmoja aliyestaafu katika Jeshi la Polisi, ambaye mimi humwita Afande, na yeye huniita Mwalimu kwa ajili ya cheti changu, ingawa siku hizi nashinda ofisini na mafaili. Nyumba yake iko mteremkoni, chini kidogo ya matangi. Uani, mahali palipokuwa na migomba, palikuwa na bwawa jipya la kuogelea, limevikwa vigae vya samawati, halina hata tone la maji. Watoto wake, ambao wanafanya kazi ng'ambo, ndio waliotoa fedha. Wajukuu walitarajiwa kuja likizo baada ya majuma matatu. Nami niliitwa, kama Afande alivyosema kwa kicheko, ili nipige hesabu za dawa, kwa kuwa fundi alikuwa akizipima kwa kiganja.

Nilipofika niliwakuta Afande, fundi na Mama mwenye nyumba wamesimama ukingoni katika hali ya kutoelewana. Fundi alikwisha unga mpira wa bomba, naye alitaka kufungua maji siku ile ile. Afande alikuwa upande wa fundi. Mama alikuwa ameketi juu ya koki.

Sisemi kwa mfano. Alikuwa ameweka kigoda juu ya kifuniko cha koki akakikalia, huku akichambua maharage.

"Mwanangu," aliniambia baada ya salamu, "waulize uzio uko wapi."

Fundi alieleza kwa adabu kwamba mchomeleaji wa uzio angekuja juma lijalo, na kwamba desturi ni kujaza maji kwanza ili kuona kama bwawa linavuja. Hoja hiyo ina ukweli wake. Lakini Mama alikuwa na hoja iliyoishinda. Alisema kwamba dada yake, aliyekuwa akikaa bondeni, alipoteza mtoto wa miaka mitatu katika shimo lililochimbwa udongo wa matofali, likaachwa, mvua ikalijaza. Shimo lile lilikuwa na maji ya kumfika mtu mzima magotini. Hakuna aliyesikia sauti. Watu hudhani kuwa anayezama hupiga kelele. Mtoto mdogo hazami kwa kelele, huenda kimya, na dakika chache zatosha. "Hapa kwetu huja watoto wa majirani sita kila jioni kucheza na mbwa," alisema. "Ninyi mnataka niwahesabu kila dakika?"

Afande alinyamaza kwa muda, kisha akamwambia fundi afungue mpira.

Basi kazi ya juma la kwanza ikawa uzio. Kwa maoni yangu, yeyote aorodheshaye vifaa vya bwawa la nyumbani akaanza na pampu ameipindua orodha. Uzio wa Afande ulikuwa wa nondo zilizosimama, urefu wa mita 1 na sentimeta 20, nafasi kati ya nondo na nondo isiyozidi sentimeta 10 ili kichwa cha mtoto kisipite, na bila chuma cha kukingama katikati ambacho mtoto angekifanya ngazi. Lango lilifunguka kwa kuvutwa upande wa nje, na lilikuwa na springi ya kulifunga lenyewe. Mama alilijaribu mwenyewe kwa kuliachia mara kumi. Mara ya saba lilikwama. Mchomeleaji akarudi na mashine yake. Kadhalika, fundi aliagizwa kuhakikisha kwamba sakafuni mwa bwawa pana matundu mawili ya kuvutia maji badala ya moja, yaliyotengana, yenye vifuniko vilivyobinuka na kufungwa kwa skrubu. Kwani tundu moja lenye kifuniko bapa, pampu ikivuta kwa nguvu, laweza kumnasa mtu kwa mgongo au kwa nywele, na hata mtu mzima mwenye nguvu asijinasue.

Ndipo tukaja kwenye hesabu, ambayo ni ya shule ya msingi. Bwawa lina urefu wa mita 8 na upana wa mita 4. Kina chake huanzia mita 1 hadi mita 2, yaani wastani wa mita 1 na nusu. Nane mara nne mara moja na nusu ni 48. Basi ni mita za ujazo 48, au lita 48,000. Afande aliisikia hesabu hiyo bila mshtuko hata nilipoigeuza kuwa jerikani za lita 20, zikawa 2,400. Hapo aligeuka akatazama chini, upande wa Namuwongo, ambako mama mwenye watoto hununua maji kwa jerikani moja moja kibombani na kuibeba kichwani.

Sitaki kujifanya hakimu wa mambo ya watu. Mwenye bwawa hulipa kwa mita kama mwenzake. Ila lipo jambo moja la kweli: bwawa linalotunzwa kwa dawa na kuchujwa kila siku huweza kukaa miaka bila kumwagwa, likaongezewa tu yale yanayokauka kwa jua na yanayotoka wakati wa kuosha chujio. Bwawa lisilotunzwa hugeuka kijani kwa majuma mawili, mwenyewe akalimwaga, akajaza tena, na tena. Kwa hiyo elimu ya dawa si anasa juu ya anasa. Ndiyo inayotofautisha mtu anayechota jerikani 2,400 mara moja na yule anayezichota kila msimu.

Tulipopima mbio za bomba, jerikani ilijaa kwa sekunde 80, yaani lita 15 kwa dakika. Kwa kadiri hiyo kulijaza bwawa kulihitaji saa 53 na dakika 20. Fundi alishauri maji yasisimamishwe katikati yakalala, maana huacha alama ya mstari katika saruji ya viungo. Tulifungua jioni, na asubuhi ya tatu maji yakawa yamefika nusu ya mdomo wa pembeni, ule unaonyonya majani na wadudu wa juu ya maji. Hapo ndipo kiasi chake. Yakipungua chini ya mdomo huo pampu humeza hewa na kuungua.

Pampu na chujio vimewekwa katika kibanda kidogo cha matofali chenye madirisha ya wavu. Chujio ni pipa la plastiki ngumu lililojaa mchanga maalumu, punje zake za nusu milimeta au zaidi kidogo. Si mchanga wa kujengea, ambao una udongo. Kabla ya kulitumia, maji hupitishwa kinyume, kutoka chini kwenda juu, na kumwagwa nje, mpaka vumbi la mchanga mpya litoke na kioo kidogo cha kuchungulia kionyeshe maji meupe. Pampu ya Afande husukuma mita za ujazo 6 kwa saa, basi kwa saa 8 maji yote hupita chujioni mara moja. Hicho ndicho kipimo cha siku. Umeme wa pampu una kifaa cha kuukata mara tu unapovuja, na Afande, aliyewahi kuona mtu akifa kwa waya uliolala majini, hakukubali pampu iwashwe kabla fundi wa umeme hajakijaribu mbele yake.

Sasa maji yenyewe. Maji ya Ziwa Viktoria ni maji laini, yaani yana chokaa kidogo. Akina mama hulifurahia jambo hilo kwa kuwa sabuni hutoa povu upesi. Lakini katika bwawa, maji yenye njaa ya chokaa huitafuta katika saruji, yakaila kidogo kidogo baina ya kigae na kigae. Siku ile tulipopima, chokaa ilikuwa miligramu 40 kwa lita, nasi tulitaka 200. Dawa yake ni kloridi ya kalsiamu, na kwa bwawa lile zilihitajika kilo 11 na kidogo, zikitiwa kwa siku mbili. Ilipokorogwa ndooni maji yalipata moto mpaka Afande akatoa mkono. Ndiyo tabia yake, na ni afadhali kuitangulia kwa ndoo iliyojaa maji tayari kuliko kumwagia maji juu ya dawa.

Kabla ya hiyo, hata hivyo, huanza bikaboneti ya soda, ile ile inayotiwa katika mandazi. Kazi yake ni kuyafanya maji yawe na uthabiti, kipimo chake cha asidi kisirukeruke kila mvua inaponyesha. Gramu 800 hivi katika bwawa kama hili huongeza miligramu 10 kwa lita. Sisi tulihitaji kupanda kutoka 50 hadi 90, basi zikawa kilo 3 na robo. Asitokee mtu akazitia soda na kloridi ya kalsiamu kwa saa moja: zikikutana zingali nzito hutengeneza chokaa nyeupe, na bwawa likawa kama maziwa. Tuliziachanisha kwa siku nzima.

Kipimo kiitwacho pH, chenye kuonyesha asidi, hutakiwa kiwe kati ya 7.2 na 7.8. Saruji mpya hukipandisha. Chetu kilikuwa 8.2 katika siku ya kwanza, na tukakishusha kwa asidi ya hidrokloriki, nusu lita kwa wakati, pampu ikizunguka, kisha kungoja na kupima upya. Kwa majuma kadhaa jambo hili hurudiwa, wala si ishara ya ubaya. Kuta nazo husuguliwa kwa brashi kila siku.

Mwisho ndiyo klorini. Katika maji ya kunywa, kiasi cha miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita kinatosha kufika bombani. Bwawa la kuogelea hutaka 1 hadi 3, maana humo watu huingia na jasho lao. Klorini ya punje inayouzwa madukani aghalabu ina nguvu ya asilimia 65; basi kupata miligramu 3 katika lita 48,000 ni gramu 220 hivi, kiasi cha kikombe cha chai. Lakini sisi tuko karibu na ikweta, na jua la Kampala huila klorini. Kwa saa chache za mchana zaidi ya nusu yaweza kupotea. Ili kuikinga hutiwa asidi ya sianuriki, miligramu 30 kwa lita, yaani kilo 1 na gramu 440. Huyeyuka kwa uvivu mkubwa, na fundi alinifundisha hila ya kuitia katika soksi na kuining'iniza mbele ya tundu la maji yanayorudi. Soksi iliyotumika ilikuwa ya sare, nyeusi, nzito, yenye miaka mingi ya doria.

Yafaa niseme pia kuhusu harufu, kwa sababu wengi hukosea. Bwawa linalonuka klorini kwa ukali na kuwasha macho si bwawa lenye klorini nyingi mno. Ni bwawa ambalo klorini yake imekwisha kuungana na jasho na mkojo, na limehitaji dawa zaidi na waogeleaji wasafi zaidi. Ndiyo maana Mama aliagiza bomba la kuogea lisimamishwe ndani ya lango, na akawatangazia majirani kwamba asiyeoga haingii.

Na sasa nawageukia hasa wale waliovaa sare. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres katika Ubelgiji, Wajerumani waliifungulia upepo gesi ya klorini ikawaangukia askari waliokuwa handakini upande wa Ufaransa. Klorini ile ndiyo hii. Mtu akimwaga asidi juu ya klorini ya punje kibandani mwake, gesi ile ile hutoka, katika chumba chenye mlango mmoja. Mtu akichanganya aina mbili za klorini katika ndoo moja, ile ya punje na ile ya vidonge vyenye sianuriki, zaweza kulipuka. Kibanda cha Afande kina rafu mbili katika kuta mbili zinazotazamana: asidi chini upande huu, klorini juu upande ule, kila moja na kata yake, na kufuli mlangoni ambalo ufunguo wake hautundikwi jikoni. Siku zote asidi hutiwa katika maji, wala si maji katika asidi.

Mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Novemba zina shida zake. Mvua ya milimeta 50 huongeza lita 1,600 katika bwawa hili, na hilo si kitu. Kitu ni udongo mwekundu wa mteremko. Fundi alichimba mfereji upande wa juu kuyakatiza maji ya uani. Umeme nao ukikatika kwa siku nzima, maji husimama na mwani huanza pembeni. Hapo klorini hutiwa kwa mkono na kukorogwa kwa ufagio mrefu.

Kulibaki swali la maji ya kuoshea chujio, ambayo kila juma hutoka lita mia kadhaa. Fundi alikuwa ameelekeza bomba lake kwenye mtaro wa barabara. Mtaro huo hushuka bondeni, nao huishia Nakivubo. Afande aliutazama mkono wa bomba ule, akautazama mteremko, akaamuru lichimbwe shimo la kokoto nyuma ya migomba iliyobaki, maji yatulie humo siku mbili tatu klorini ipungue, kisha yafyonzwe na ardhi. Fundi alilalamika kuwa ni kazi isiyokuwamo katika mkataba. Alilipwa.

Nilirejea baada ya siku kumi na tano kuikagua hesabu yangu. Katika daftari la shule lililofungwa kwa uzi langoni, Afande alikuwa ameandika kila asubuhi na jioni kwa mwandiko wa taarifa za kituo: tarehe, saa, pH, klorini, hali ya mbingu. Siku ile ilisomeka 7.5 na 2. Maji yalikuwa meupe hata nikaziona skrubu za kifuniko katika kina cha mita 2, na hiyo ndiyo sheria aliyojiwekea: siku skrubu zisipoonekana, hapana kuogelea. Wajukuu watatu walikuwa wamepanga mstari chini ya bomba la kuogea wakitetemeka. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda chake kile kile, safari hii ndani ya uzio, mgongo wake langoni na uso wake majini, amevaa shingoni filimbi ya polisi ya mumewe. Alimwita wa kwanza kwa kidole.